Kuvua penye sura mbaya: mwongozo wa mshipi kwa mwambao wa Kigoma

Ngege mkubwa kuliko wote niliowahi kuvua kwa mshipi nikiwa nimesimama nchi kavu nilimtoa chini ya sakafu ya kibanda cha mama lishe.

Kibanda chenyewe hakikuwepo tena. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 yaliingia mpaka jikoni, mama akahamishia masufuria yake juu barabarani, mabati yakang'olewa, likabaki bamba la zege lililoinama, nusu majini nusu nje, limezungukwa na matairi, chupa za plastiki na kisiki cha mwembe uliokufa. Vijana walikuwa kwenye miamba, mita mia mbili hivi kutoka hapo, mahali pazuri hata pa kupigia picha. Mmoja akaniita: "Mzee, unavua sahani za mama lishe?" Wakacheka wote. Baada ya nusu saa nikapita mbele yao na ngege ambaye mkia wake ulitoka nje ya beseni. Wakanyamaza kidogo, kisha yuleyule akaniamkia shikamoo.

Niseme ukweli, siku ile haukuwa ujuzi. Nilikwenda pale kujikinga na upepo. Ila toka hapo nilianza kuvitafuta vituo vya aina hiyo kwa makusudi, na miaka imetosha sasa kuweza kumwelekeza mtu mwingine. (Mtu wa Kigoma akisikia "Mwongozo" anafikiria meli yenye jina hilo. Huu wangu hauelei, lakini unafika.)

Kwa nini samaki wakae mahali pabaya

Mgeni mmoja kutoka Uskoti, niliyemsindikiza kutembea ufukweni, alinisimulia kuhusu trauti wa kwao. Huyo ni samaki wa maji ya baridi, maji yakizidi nyuzi 20 anaanza kutaabika, kwa hiyo kwetu haoni siku mbili. Huku Afrika Mashariki alipandikizwa kwenye mito ya milimani, kama ile ya Aberdare kule Kenya, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mgeni yule akasema trauti wake wakubwa hawakutoka kwenye mito ya kwenye kalenda. Walitoka chini ya kalavati, nyuma ya maegesho ya magari, kwenye mfereji ulioziba kwa matawi. Wavuvi wenzake hupita hapo juu kwa gari wakielekea kwenye maji mazuri.

Sababu zake na zetu ni zilezile. Samaki anataka kivuli cha kumficha na ndege, kitu kigumu cha kuegemea, chakula kinachomfuata bila yeye kuhangaika, na watu wasiomsumbua. Kwa hilo la nne ndipo mahali pabaya panapoushinda mwamba mzuri. Kwenye mwamba mzuri kila samaki mwenye ukubwa wa kiganja ameshaiona ndoana tangu asubuhi.

Hatua ya kwanza: acha mshipi nyumbani

Siku ya kwanza usivue. Nenda ukatazame, na uende mchana, kati ya saa sita na saa nane, jua likiwa utosini. Huo ni wakati mbovu wa kuvua lakini bora wa kuona, kwa sababu mwanga unashuka wima na maji ya Tanganyika, mvua isipokuwa imeyachafua, yanaonyesha hadi chini. Miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao wa maji inasaidia sana. Ukikosa, vaa kofia yenye ukingo mpana na uzibe mwanga wa pembeni kwa viganja.

Tembea polepole na usimame kila penye kitu ambacho mtu wa kawaida angekiita uchafu. Ukuta ulioanguka majini. Chuma chenye kutu. Boti iliyooza. Mdomo wa mtaro. Tazama zege: ukiona madoa meupe au ya kijivu safi katikati ya ukijani wa mwani, ujue samaki wanakwangua hapo kila siku. Tazama mchanga: mashimo ya duara kama sahani ni viota vya samaki madume. Viota hivyo viache, nitaeleza baadaye. Tazama ndege pia. Mdiria anayerudi kukaa kwenye nondo ileile kila siku hakuipenda nondo.

Beba uzi mnene wenye jiwe mwishoni, umefungwa fundo kila dhiraa moja. Tumbukiza, hesabu mafundo. Unachotafuta ni mahali kina kinapobadilika ghafla, kwa mfano dhiraa mbili halafu hatua moja mbele dhiraa sita. Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na sehemu nyingi za mwambao huu mlima unaingia moja kwa moja majini. Kwa hiyo hata ukuta wa hovyo uliojengwa kandokando unaweza kuwa umekaa juu ya mteremko mkali. Samaki wa kilindini hupanda jioni kula na kurudi bila safari ndefu.

Andika kwenye daftari. Usitegemee kichwa.

Vituo vyenyewe

Naanza na kuta na sakafu zilizozama, maana ndiko nilikovua zaidi. Ziwa hili kupanda na kushuka si jambo la jana. Karne ya 19 lilipanda mpaka likauzibua mto wake wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, miaka ya 1870, kisha likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana ukienda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, unashangaa maji yako wapi. Safari hii limepanda juu ya vitu vyetu: sakafu, ngazi, misingi, karo za kufulia, mashina ya michikichi. Zege lililozama huota mwani ndani ya miezi michache. Mwani huleta wadudu na vidagaa vya ufukweni, na hao huleta wenye njaa. Ngege hupenda ukingo wa bamba upande wa kivuli. Usitupe chambo chini ya bamba, kitakwama na utalia. Kidondoshe shubiri moja kutoka ukingoni, kishuke chenyewe. Akiwepo atatoka kuja kukiangalia. Utaona mshipi unakwenda pembeni taratibu, kama mtu anayevuta uzi wa kishada akiwa hana haraka. Hapo usikurupuke. Ngege hukionja chambo kwanza na ncha ya mdomo. Subiri mshipi unyooke, ndipo ukaze.

Midomo ya mitaro ni kazi ya msimu wa mvua. Mji wetu umejengwa mteremkoni, mvua ikipiga juu, mtaa wa Mwanga, maji yanafika ziwani kabla wewe hujaanua nguo. Yanashuka na nyungunyungu, kumbikumbi, punje za mahindi, na tope jekundu. Watu wakiona tope wanafunga vifaa. Wewe subiri mvua ikatike, ukae saa moja hivi, halafu uende ukatafute mstari: upande mmoja maji mekundu, upande wa pili maji ya bluu, na mpaka kati yao unaonekana kama umechorwa. Samaki wanaowinda hukaa upande safi, hatua moja nje ya tope, wakingoja kinachotoka kikiwa kimepofuka. Tupa upande safi, acha mkondo ukisogeze chambo hadi mpakani. Usiku wa mvua za kwanza, mahali mtaro unapomwagia kwenye majani yaliyofurika, kambale huja hadi maji ya kifundo cha mguu. Wengi huwa wanakwenda kutaga, kwa hiyo mwenye tumbo la mayai mrudishe. Mto Luiche nao, kule chini ya Ujiji, huuchora mpaka huohuo kwa ukubwa zaidi, ila huko sikushauri kusimama kwenye matete peke yako. Sababu utaisoma chini.

Kona ya takataka. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kila ghuba ndogo ina kona yake ambapo chupa, majani, povu na vipande vya mianzi hukusanyika. Panatia kinyaa, nakubali. Ila takataka zinazoelea ni dari. Chini yake pana giza, na wadudu huanguka kutoka humo mchana kutwa. Boya hapa halifai, litanasa. Tumia chubwi, yaani risasi ya kuzamisha mshipi, zito kidogo lipasue dari na kushuka wima, mshipi ukiwa umeushika kwa kidole. Mimi hubeba gunia. Nikifika natoa takataka za eneo la ukubwa wa meza, nakaa nyuma dakika kumi na tano, kisha navua kwenye dirisha hilo. Samaki hawajali usafi wangu, ila mshipi wangu unajali.

Mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki. Pale Kibirizi na Katonga, asubuhi mitumbwi ya taa ikishusha dagaa, vinaanguka vingi: vichwa, dagaa waliopondeka, maji ya kuoshea mabeseni. Dakika chache baadaye maji ya pembeni yanachemka kwa samaki wadogo, na chini yao wapo gogogo na wengine wakubwa. Hapa jambo la kwanza ni adabu, kwa sababu ufukwe ni mahali pa kazi pa watu. Mimi huanza hivi:

"Shikamoo mama. Naomba nivue hapa pembeni, nitakaa mwisho kabisa."

"Marahaba baba. Vua, ila usinikanyagie dagaa wangu."

Basi, mmemalizana. Na ujue kalenda ya mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka, asubuhi mabaki ni mengi. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi hulala ufukweni, na kona ya mwalo inakuwa haina kitu. Siku hizo rudi kwenye zege.

Mashimo ya kando ya reli na kalavati sitayaeleza kwa urefu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 na popote udongo ulipochimbwa kujengea tuta, kuanzia huku mpaka Uvinza na kuendelea, kuna shimo ambalo masika hugeuka kidimbwi cha rangi ya chai ya maziwa. Humo anakaa kambale. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo maji yanayoua samaki wengine yeye anayastahimili. Kaa kimya robo saa. Ukiona maji yanabonyea na viputo vinapanda mahali palepale mara mbili tatu, yupo. Nyungunyungu wawili kwenye ndoana moja, chambo kilale chini kabisa, jua likizama. Hakuna siri nyingine.

Sura mbaya si sawa na sumu

Jambo hili usilipuuze. Mtaro wa mvua ni tofauti na mtaro wa maji taka, hata kama kwa macho vinafanana siku ya tope. Nenda uutazame siku ya ukavu. Ukikuta bado unatiririka wakati hakuna mvua, na unanuka choo au sabuni, ondoka. Maji ya aina hiyo hubeba kipindupindu, na mji huu umekijua. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji, hayo ni mafuta ya injini. Samaki wa hapo ananuka dizeli hata umtie ndimu kumi. Ukikuta samaki wadogo wanaelea wamekufa, usivue kwa siku nyingi.

Kanuni yangu ni rahisi: konokono, vidagaa vidogo na mdiria wakiwepo, naona mahali pana uhai. Visipokuwepo vyote vitatu, hata pawe na kivuli cha namna gani, napita. Na samaki wote wa kando ya mji mimi huwaosha kwa maji safi na kuwapika wakaiva kabisa. Habari za nusu mbichi waachie wenye mahoteli.

Vifaa, na donge la ugali

Vifaa ni vichache. Mwanzi au fimbo ya urefu wa mita tatu hivi inafaa kuliko mashine ya gharama, kwa kuwa vituo hivi viko miguuni pako na kazi ni kudondosha kuliko kurusha. Nailoni iwe nene kuliko unayotumia kwenye miamba, sababu hapa kuna nondo na mizizi. Ndoana ndogo kwa ngege, namba 8 au 10 (namba ikikua ndoana inapungua, wengi hukosea dukani), na kubwa zaidi kwa kambale. Chubwi lifunge kwa uzi dhaifu wa cherehani, usilifunge kwenye nailoni yenyewe. Likinasa kwenye kifusi, uzi wa cherehani unakatika, unapoteza risasi ya shilingi kidogo na kubaki na ndoana na pengine samaki. Nilipoteza ndoana nyingi kabla ya kujifunza hilo, na hakuna aliyenifundisha. Nilikasirika tu siku moja nikafikiri.

Chambo cha bure ni nyungunyungu kutoka chini ya migomba. Kumbikumbi wakitoka, ukiweza kujizuia usiwale wote, weka kiganja kimoja kwa ajili ya ngege. Anawapenda kama sisi.

Chambo changu cha kila siku lakini ni ugali wa jana uliokandwa na mawese. Chukua ugali mgumu wa ukubwa wa yai, uliolala. Ukande peke yake kwanza, dakika mbili tatu, mpaka uache kumeguka. Tia mawese kijiko kimoja, yale mazito ya rangi ya matofali yanayobaki chini ya chupa. Kanda tena. Mwanzoni litateleza na kukukatisha tamaa. Ongeza unga mkavu kidogo kidogo hadi donge lishike vidole lakini lisiache kitu kwenye kiganja. Lijaribu: lifinye kwenye ndoana ukubwa wa harage, litumbukize kwenye kikombe cha maji, hesabu hadi mia mbili. Likibaki kwenye ndoana, liko tayari. Likidondoka kabla, ongeza unga. Mawese hutoa duara jembamba la mafuta na harufu inayosafiri chini ya maji, na rangi yake inaonekana hata penye tope. Lifunge kwa jani la mgomba lisikauke.

Jua, kivuli na miguu yako

Sisi tuko mashariki ya ziwa. Asubuhi jua linatoka nyuma ya vilima, mgongoni kwako, na likishapanda juu ya vilima kivuli chako kinalala majini, mbele, mrefu kama mnazi. Samaki aliye chini ya bamba anakiona kabla hujafungua mfuko. Kwa hiyo ukienda asubuhi nenda mapema, wakati kivuli cha vilima bado kimefunika ufukwe wote na chako hakijulikani. Jioni mambo hugeuka. Jua linashuka upande wa Kongo, kivuli chako kiko nyuma, na samaki anakutazama dhidi ya ardhi yenye giza. Tatizo pekee ni mng'ao machoni mwako, ndipo kofia inapofanya kazi.

Na zege hupitisha kishindo. Ukitembea juu ya bamba lilelile ambalo ngege yuko chini yake, ni kama mtu anayecheza ngoma juu ya paa lako. Simama kwenye mchanga pembeni, nyoosha mwanzi. Viatu vyepesi. Redio izime, hata kama Yanga na Simba wanacheza. Hili la mwisho nimelivunja mwenyewe na kurudi mikono mitupu.

Akishanasa

Kwenye maji wazi unaweza kucheza na samaki. Penye kifusi huna nafasi hiyo, sekunde mbili za kwanza ndizo zote. Mvute pembeni, kuelekea upande wenye uwazi, usimvute juu. Ukimvuta juu atapiga kichwa chini na kurudi alikotoka. Akiwahi kuingia kwenye shimo na mshipi ukakaza kama umefungwa, usishindane naye. Legeza kabisa, weka mwanzi chini, ngoja. Asipohisi mvuto mara nyingi hutoka mwenyewe. Ukiona mshipi unatembea, kaza.

Wale wanaolinda viota au makundi ya watoto waache. Hasa kuhe, ambaye ni mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya ngege duniani na hapatikani nje ya ziwa hili. Dume na jike hulinda watoto wao pamoja kwenye mchanga wa maji mafupi. Atakirukia chochote kwa hasira, kwa hiyo ni rahisi kumnasa. Ukimtoa mmoja, kundi lote la watoto linaliwa.

Vitu vya kukuumiza

Usiingize mkono kwenye tundu la ukuta au mwamba ulio majini, hata kama ndoana yako ya thamani imo humo. Ziwa hili lina nyoka wa maji wa jamii ya fira, anayekula samaki na kulala kwenye nyufa za mawe. Hana tabia ya kumkimbiza mtu, ila sumu anayo.

Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mapezini, na huikaza ikasimama kama misumari. Mshike kwa kitambaa kinene. Mwiba wake ulinichoma kwenye kidole gumba na mkono ukavimba wiki nzima. Yupo pia kambale wa umeme, mnene, laini, hana pezi la mgongo. Ukimtambua, usimguse akiwa hai, na usiushike mshipi uliolowa karibu naye. Kata.

Kichocho ni hatari zaidi ya hao wote kwa sababu hakiumi. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani aina ileile ya vituo ninavyovisifia, na vijidudu hupenya ngozi hasa nyakati za mchana jua likiwa kali. Vua ukiwa mkavu. Ikibidi kuingia, vaa mabuti, na ukilowa jikaushe kwa taulo hapo hapo. Kupima kituo cha afya mara moja kwa mwaka si uoga.

Mamba na viboko: kwenye matete, midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi, na jioni, usisimame ukingoni peke yako. Waulize wenyeji kabla, na wakikuambia hapana, usiwaulize kwa nini.

Ruhusa

Ulizia leseni kwa afisa uvuvi au kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufukwe) wa mwalo husika. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi upande wetu zilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kila mwaka hakikisha hali ikoje kabla ya kununua ndoana. Ndani ya uzio wa bandari usivue, japo kivuli cha meli kama Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, kinatamanisha. Mwambao wa Hifadhi ya Gombe nao usiuguse. Na nyumba iliyohamwa kwa mafuriko bado ina mwenyewe: mtafute, mwombe, mpelekee samaki mmoja.

Bamba la mama lishe siendi tena. Maji yalipanda tena mwaka 2024, sasa liko chini mno kwa mwanzi wangu na ngege wamehamia kwingine. Ilinibidi nianze upya kutembea mchana na uzi wa mafundo, wiki tatu, mpaka nikapata ngazi za nyumba moja ambayo wenyewe walihamia juu kilimani. Ngazi tisa zimo majini. Wanakaa kwenye mojawapo, kila jioni, upande wa kushoto. Ni ya ngapi, hapo tafuta mwenyewe.